KONA YA MWALIMU: Kazi Isiyorudi Haifundishi

  

Mwezi uliopita katika kona hii tulizungumza habari ya kumwamsha mtoto mapema ili afike shule akiwa ameshakula kitu. Baadhi yenu mlinisimamisha kwenye foleni ya maji mkaniambia, "Mwalimu, umesema vizuri, ila hicho kitu cha kula ukilete wewe." Nimesikia. Nilicheka, halafu nikanyamaza, kwani mlikuwa na haki.

Basi mwezi huu siwasemi nyinyi. Najisema mwenyewe. Kuna kosa nililifanya katika kufundisha wanafunzi walio mbali, na mama mmoja aliyeumizwa na kosa hilo aliniambia, "Liandike, ili wengine wasilirudie." Yeye na binti yake wamenipa ruhusa. Majina yao nayaacha.

DARASA LILIVYOGAWANYIKA

Wengi mnalijua darasa letu la jioni, lile la chini ya mkorosho. Tulianza watu 38, wengi wao vijana na akina mama waliokatika shule. Kuna waliokatika mapema, tangu vita ilipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Kuna waliokatika baada ya Palma kushambuliwa Machi 24, 2021. Kila mtu alikuja na umri wake na darasa lake, mmoja anajua kusoma hajui kuandika, mwingine anajua hesabu za dukani lakini akiziona kwenye karatasi anaogopa. Tukaanza taratibu, Kireno na hisabati, siku tano kwa wiki.

Halafu hali ilipotulia kidogo, familia zikaanza kurudi kwetu Mute. Hazikurudi siku moja. Kwanza anakwenda baba kutazama nyumba na minazi, anakaa mwezi, anapiga simu, ndipo mama anafunga mizigo. Wengine hawakurudi Mute, wakafuata ndugu zao Pemba, Mueda na Montepuez. Siku moja nikahesabu darasa langu: hapa kambini wamebaki 14, Mute wako 15, na 9 wametawanyika miji mingine. Jumla ni wale wale 38, lakini mkorosho una watu 14 tu.

Waliondoka wakiniambia neno moja: "Mwalimu, usituache njiani." Na mimi, kwa ujana na kwa furaha ya kuombwa, nikasema siwaachi. Sikujiuliza nitafanyaje. Nikanunua karatasi, nikaanza kuandika zile karatasi za mazoezi ambazo sisi kwa mazoea ya Kireno tunaziita ficha. Wenye simu kubwa niliwapigia picha nikawatumia kwa WhatsApp. Wa Mute, kwa kuwa mtandao unakuja na kuondoka na wengi hawana simu, niliwapelekea karatasi kwa mkono wa mtu anayesafiri, naye akirudi analeta zilizojazwa ndani ya mfuko.

HESABU AMBAYO SIKUIPIGA

Mimi ninayefundisha hesabu sikupiga hesabu. Leo naipiga mbele yenu.

Kusahihisha ficha moja ya maswali 20, kwa mtu anayetaka kuona kosa limetokea wapi na siyo kuweka mkasi tu, kunachukua kama dakika 10. Wanafunzi 38 mara dakika 10 ni dakika 380, yaani saa 6 na dakika 20. Hiyo ni ficha moja tu. Mimi nilikuwa natoa ficha kila siku, siku tano kwa wiki. Dakika 380 mara 5 ni dakika 1,900. Ni saa 31 na dakika 40 kila wiki za kusahihisha peke yake, bado sijaandika ficha mpya, bado sijajibu simu.

Sasa tazameni siku yangu. Asubuhi niko na watoto wadogo mpaka saa tano. Nikitoka, foleni ya maji. Siku ya mgao wa chakula, siku yote imekwisha. Mchana napika, kwani dada yangu mkubwa yuko kwenye biashara yake ya maandazi. Alasiri mkorosho. Baada ya magharibi ndiyo nafungua mfuko wa ficha, kwa taa ya sola inayofifia saa tatu usiku. Hizo saa 31 zitatoka wapi?

Na simu, jamani! Mwanafunzi aliye mbali hajui kama mwalimu anapika au analala. Anapiga anapopata mtandao. Saa tano usiku: "Mwalimu, swali la saba sijalielewa." Alfajiri: "Mwalimu, umeona picha yangu?" Nilikuwa najibu wote. Nilifikiri mwalimu mzuri ni yule anayejibu kila saa. Nilikuwa najibu aliyepiga mara nyingi, na aliyenyamaza namsahau. Dada yangu akaniambia usiku mmoja, "Wewe unafundisha watu wa mbali, na wa karibu hawakuoni." Nikakasirika. Kumbe mdogo wetu wa kiume alikuwa amekaa karibu miezi miwili bila mimi kufungua daftari lake hata mara moja, na analala kwenye mkeka mmoja hatua mbili kutoka kwangu.

MFUKO ULIOKAA CHINI YA KITANDA

Mfuko wa Mute ulikuwa unafika, naufungua, nasahihisha za juu, usingizi unanishika. Kesho unafika mfuko mwingine, naweka juu ya ule wa kwanza. Nikawa kila siku nachukua za juu. Za chini zikawa zinazidi kwenda chini. Kwa Kiswahili neno lenyewe linajisema: ficha zangu zilikuwa zimefichwa kweli.

Asubuhi moja akaja mama mmoja mlangoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," lakini hakukaa. Akaniuliza, "Mwalimu, mwanangu umemkataa?"

Nikasema, "Hapana mama, nimkatae kwa lipi?"

Akasema binti yake aliye Mute, ambaye ana mtoto mchanga na anayesoma usiku baada ya mtoto kulala, alileta ficha ya kwanza, hakujibiwa. Akaleta ya pili, hakujibiwa. Wenzake wawili wakapata zao. Akamwambia mama yake kwa simu ya jirani, "Mwalimu ameona mimi sijui kitu, amenionea haya kuniambia." Daftari akampa mtoto wa shangazi yake achorechore. Zilikuwa zimepita wiki tatu.

Nilimkaribisha mama ndani, nikautoa mfuko mbele yake. Zile ficha zilikuwa chini kabisa, zimeshikana kwa unyevu. Nikazisahihisha pale pale huku mama anatazama. Nilitumia dakika nne.

Nawaambieni nilichokiona. Ficha ilikuwa ya kutoa kwa kukopa. Swali la kwanza lilikuwa 302 toa 147. Jibu ni 155. Binti ameandika 245. Nikatazama swali la pili, la tatu, yote yana kosa la aina ile ile: kila penye namba ndogo juu na kubwa chini, amegeuza, ametoa ndogo kwenye kubwa. Mbili kwa saba, ameandika tano. Sifuri kwa nne, ameandika nne. Siyo kwamba hajui kutoa. Anajua sana. Kuna jambo moja tu hakulijua, kwamba mkopo unatoka nyumba ya jirani ya kushoto. Ficha ya pili nayo ilikuwa na kosa lile lile, mara ishirini.

Hapo ndipo iliponiuma. Mimi nilifikiri kumchelewesha mtu ni kumnyima tu. Kumbe nilikuwa namfundisha kosa. Mtu anayefanya mazoezi ishirini kwa njia iliyopotoka, na hakuna anayemwambia, amejifunza ile njia iliyopotoka. Na kama ningempelekea ficha ya tatu na ya nne, ningezidi kuikaza. Sentensi moja ingemtosha: "Ukikosa, kopa kwa jirani wa kushoto." Sentensi hiyo ilikaa wiki tatu chini ya kitanda changu.

WENGINE WALIOPITA NJIA HII

Kusoma kwa mbali siyo jambo letu peke yetu, wala siyo jipya. Wengine mtakumbuka mwaka 2020, serikali ilipofunga shule zote za Msumbiji kuanzia Machi 23 kwa sababu ya korona. Siku ile ile Mocímboa da Praia ilikuwa inashambuliwa. Mahali pengine nchini watoto waliambiwa wasomee kwa redio, kwa televisheni na kwa ficha. Huko Pemba jirani yetu alikuwa anazichukua ficha za watoto wake, anazijaza nao mezani. Nilipomuuliza zilisahihishwa na nani, akacheka: "Zile? Zilikwenda tu." Ndiyo shida yenyewe. Karatasi kutoka ni rahisi, kurudi ndiyo kazi.

Nchi yetu ina utaratibu wa sekondari kwa mbali, ambapo mwanafunzi anasoma vitabu vya moduli nyumbani, na siku maalumu anakwenda kituoni kumwona mkufunzi. Tazameni hapo: kuna kituo na kuna siku. Hawakuacha kila mtu amtafute mwalimu saa anayotaka.

Kenya, katika makambi ya Dadaab, ulianzishwa mwaka 2013 mpango wa kuwasomesha wakimbizi chuo kikuu hapo hapo kambini. Vyuo vya Kenyatta na Moi vya Kenya viliungana na vyuo viwili vya Kanada, York na British Columbia. Wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa ni walimu wa shule za kambini, yaani watu kama mimi, mchana wanafundisha na baadaye wanasoma wao. Walijengewa kituo cha kusomea, na masomo mengine yalikuja kwa intaneti, mengine mwalimu alikuja mwenyewe. Hawakutegemea simu peke yake.

Na mzee Mandela wa Afrika ya Kusini alisoma sheria kwa posta akiwa jela. Shahada yake aliipata mwaka 1989 kutoka chuo kikuu cha UNISA, bado akiwa mfungwa. Nawatajia huyu wale mnaosema "umri umepita": mwaka huo mzee alikuwa amefika miaka 71. Lakini nataka mtazame upande wa pili pia. Kila karatasi aliyoiandika, kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeisoma akairudisha. Huyo hatumjui jina. Kazi yake ndiyo ninayoizungumza leo.

TULIVYOBADILISHA

Baada ya yule mama kuondoka nilikaa na dada yangu na wanafunzi wawili wa hapa kambini. Tukapanga upya. Naandika kwa namba ili mwalimu mwenzangu akitaka akate ukurasa huu auweke ukutani.

1. Ficha moja kwa wiki, maswali matano. Siyo ficha tano za maswali ishirini. Kosa la kukopa linaonekana ndani ya maswali matano, hayahitajiki ishirini. Msitoe kazi msiyoweza kuirudisha. Hii ndiyo kanuni mama, nyingine zote ni watoto wake.

2. Wa hapa kambini wasahihishiane. Wale 14 wanabadilishana ficha chini ya mkorosho, naandika majibu ubaoni, tunazungumza pamoja. Usiku sina ficha ya mtu wa kambini. Nabaki na wa mbali 24. Ficha fupi inachukua dakika 8: 24 mara 8 ni dakika 192. Nimezigawa siku mbili, 12 Jumatatu na 12 Alhamisi. Kila siku ni dakika 96, saa moja na nusu na kidogo. Taa ya sola inatosha.

3. Siku ya jibu ijulikane. Wa miji mingine na watatu wa Mute wenye simu zao wanajibiwa Jumatatu. Wa Mute wengine 12 wanajibiwa Alhamisi. Mfuko ukifika tu, kabla sijasahihisha, napeleka neno: "Zimefika, jibu Alhamisi." Neno hilo ni fupi, lakini linamwondolea mtu mawazo. Anayejua siku ya jibu anasubiri, asiyejua anajihukumu.

4. Anza na za chini. Mfuko ukifika naupindua, ya zamani inakuwa juu. Na nimetengeneza daftari lenye nguzo tatu: jina, imefika, imerudi. Usiku kabla ya kulala natazama nguzo ya tatu tu. Pakiwa na nafasi tupu, naliona jina. Yule anayenyamaza sasa naye ana sauti, ile nafasi tupu ndiyo inayomwitia.

5. Tafuta kosa linalojirudia, sema hilo moja. Zamani nilikuwa najaza karatasi wino mwekundu mpaka mtu anaona haya kuifungua. Sasa naandika sentensi moja tu chini. Nikiona watu sita wana kosa moja, narekodi sauti ya dakika moja nawatumia wote sita, sirudii mara sita.

6. Picha ikikataa, tuma ujumbe mfupi. Mtandao wa kule ukiwa dhaifu picha haipiti, lakini ujumbe wa kawaida unapita. Naandika: "Maswali 1, 2, 4 sawa. La 3 na 5 rudia, kopa kushoto." Karatasi yenyewe itafuata na msafiri.

7. Wapokezi wawili. Mute tumechagua kijana mmoja na mama mmoja. Wanaume wanapeleka kwa kijana, wanawake kwa mama, kila mtu amekunja karatasi yake na jina nje. Badala ya simu 15 napata mbili. Tulikubaliana jambo moja: mpokezi hafungui karatasi ya mwenzake. Mtu mzima akichekwa kwa makosa yake kijijini harudi tena darasani, na haki yake.

8. Simu ya masomo ni alasiri mpaka magharibi. Baada ya isha naizima. Simu nyingi za wanafunzi wangu ni za mume, kaka au jirani, kwa hiyo kupiga usiku kunaleta maneno nyumbani kwa mwanafunzi pia. Hilo mwanzo sikulifikiria kabisa.

HAIKUWA BURE

Sitawadanganya kwamba yote yamekuwa matamu. Tunakwenda polepole. Nilipanga tufike kwenye sehemu kabla ya mvua, tumeishia kugawanya. Kijana mmoja wa Montepuez aliniambia, "Mwalimu, siku hizi umekuwa kama ofisi, una saa za kufungua na kufunga." Alitaka ficha nyingi, ana akili ya haraka, na mimi namchelewesha. Nimemtafutia vitabu vya kusoma mwenyewe. Ni kweli amepunjwa kidogo ili wengine wapate, na nilimwambia hivyo hivyo, sikumficha.

Wiki ya kwanza ya kuzima simu baada ya isha, nililala vibaya kuliko nilipokuwa naijibu. Nilisikia kama nimefunga mlango mtu akiwa nje. Wiki ya tatu nikazoea. Sasa baada ya isha nafungua daftari la mdogo wetu. Kumbe naye alikuwa anakopa kulia.

Na mmoja nimempoteza. Kijana aliyekuwa Mueda alibadilisha namba ya simu wakati wa ule msongamano wangu, na ujumbe wake wa mwisho, nadhani wenye namba mpya, ulizama katikati ya mamia ambayo sikuyasoma, na nilipofuta ili simu ipate nafasi, ukafutika nao. Jina lake bado liko kwenye daftari. Kama kuna mzazi anayemjua kijana aliyekaa mbele kabisa chini ya mkorosho, aliyekuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, amwambie mwalimu bado anamtafuta.

Yule binti wa Mute je? Nilimwandikia barua, siyo ficha. Nilimwandikia kwamba kosa ni langu, kwamba kazi yake sikuiona, na kwamba alikuwa amekosa jambo moja tu katika maswali yote arobaini. Mama yake alipokwenda Mute kuwatazama akaichukua, pamoja na daftari jipya. Hakujibu wiki ile, wala iliyofuata. Wiki ya tatu ikaja karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Ndani mna swali moja tu, lile lile la kwanza, 302 toa 147. Amechora mshale mdogo kutoka kushoto. Chini ameandika 155. Hakuandika neno jingine.

Tangu hapo analeta ficha moja kila baada ya wiki mbili, kwani yuko shambani na mtoto mgongoni. Tumekubaliana hivyo. Kwenye daftari langu nguzo yake ya tatu imejaa yote. Naitazama mara nyingi kuliko za wengine, nakiri.

NINYI MLIO NYUMBANI MNAWEZA NINI

Wazazi na ndugu, kazi hii siyo ya mwalimu peke yake. Mwenye mwanafunzi nyumbani, mdogo au mtu mzima, nampa mambo manne.

Kwanza, mpe nusu saa bila kumtuma. Siyo saa nzima, nusu saa. Akina baba, mkeo akifungua daftari, shikeni mtoto. Haitakupunguzia kitu.

Pili, msimjazie majibu. Ficha iliyojazwa na kaka mkubwa ikirudi yote sawa, mimi nadanganyika, na mwanafunzi anabaki na kosa lake.

Tatu, karatasi iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni. Nyingi zinanifikia zimelowa maji au mafuta, namba zimefutika.

Nne, mkihama, au mkibadilisha namba ya simu, nipeni habari kabla hamjafunga mizigo. Hata kwa mdomo wa mtoto. Mimi nitaandika.

Na walimu wenzangu wa kujitolea, nyinyi mnaojua kwamba hatuna mshahara ila tuna heshima ya watu, na kwa heshima hiyo tunaona aibu kusema "hapana". Mimi nilisema ndiyo kwa watu 38, na kati yao nikamwambia mmoja hapana bila kujua, kwa wiki tatu. Ni afadhali hapana ya mdomo, mtu akaisikia akajipanga, kuliko ndiyo inayolala chini ya kitanda. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe kiwe kinarudi kwa mwenyewe.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila nyumba ifanye hesabu hii pamoja, mkubwa na mdogo: 503 toa 268. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake bila kuchungulia kwa mwenzake, ila mkopo chukueni kwa jirani wa kushoto. Mleteni mtoto na karatasi hizo chini ya mkorosho Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alasiri. Nitazisahihisha pale pale mkiwa mmesimama, hakuna itakayoingia kwenye mfuko.

Tukijaliwa, mwezi ujao tutazungumza habari ya kumsomea mtoto mdogo hata kama mzazi mwenyewe hajui kusoma. Inawezekana, nitawaonyesha.

Hadi hapo, kaeni salama.

Ni mimi dada yenu,
Mwalimu wa kujitolea, darasa la mkorosho